Mgongo wa Mtu Mwengine

Mke wangu alirudi kutoka soko la Kongowea na kikapu kitupu. Alikuwa ametoka asubuhi kununua samaki, na kwa desturi yake akirudi huanza kuzungumza tangu nje, kabla hajavua viatu. Siku hiyo aliingia kimya. Aliketi kwenye kizingiti na buibui lake, akanitazama. Mimi nilikuwa nimelala chali sakafuni juu ya mkeka, magoti nimeyakunja, kwa sababu ilikuwa Jumapili, na Jumapili ndiyo siku pekee niliyoweza kuupumzisha mgongo.

"Nimekuita sokoni," akasema.

"Mimi? Sijatoka hapa tangu uondoke."

"Najua. Nilikuona kwa nyuma, pale kwa wauza vitunguu. Bega la kushoto limeshuka, shingo imegeukia kulia, mguu wauburuta kidogo. Nikasema moyoni, huyu kumbe amenidanganya kwamba hawezi kusimama. Nikakuita, hukuitika. Nikakufuata mpaka nikakushika mkono. Akageuka mtu mwengine."

Nilijaribu kucheka. "Watu hufanana."

"Hamfanani sura wala kimo. Yule ni mrefu, mweusi, kichwa chake kimejaa mvi. Mgongo ndio ulikuwa wako. Nimeukanda kwa mikono hii miaka yote, siwezi kuukosea."

Akawa anavuta uzi uliotoka kwenye ukindu wa kikapu. Kisha akaendelea kwa sauti ya chini.

"Nikamwomba radhi. Hakukasirika. Aliniangalia, akaniuliza, 'Mama, mumeo anafanya kazi wapi?' Hakuniuliza jina wala nyumbani kwetu, aliuliza hilo tu. Nikamwambia Changamwe, kwenye yadi ya makontena. Akauliza tena, 'Anaendesha ile foklifti ya manjano?'"

Hakuna aliyetaja samaki tena siku ile. Tulikula wali na mchuzi wa nazi mtupu, na kila nilipoinua macho nilimkuta mke wangu akilitazama bega langu.

Mimi ni mtu wa Jomvu Kuu. Wazee wangu walivua kwenye hori la bahari na kulima vishamba vidogo nyuma ya nyumba, na ningeweza kuishi kama wao lau kama hori lingetoa samaki wa kututosha sote. Nilijifunza kuendesha foklifti, mashine ya kuinulia mizigo, nikiwa kijana, na yadi iliponichukua nilimshukuru Mungu, kwa sababu ilikuwa karibu na nyumbani na kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliwaambia majirani kwamba mwanawe amepata kazi ya kukaa. Aliona hiyo ni heshima, baada ya maisha ya watu waliofanya kazi wakiwa wameinama.

Mashine waliyonipa ilikuwa ya manjano, kuukuu, yenye magurudumu ya mpira mzima yasiyotiwa upepo. Kiti chake kilikuwa kimechanika. Sponji ilikuwa imekwisha na mtu alikuwa ameshonea gunia lililokunjwa juu ya bati. Katikati ya gunia lile palikuwa na shimo, nalo halikuwa sawa, lilizama zaidi upande mmoja. Siku ya kwanza nilipokaa nilihisi kama nimepakatwa na mtu. Nilishuka, nikalisawazisha gunia kwa ngumi, nikapanda tena. Kufikia adhuhuri shimo lilikuwa limerudi mahali pake, nami nilikuwa nimekaa ndani yake.

Niliwauliza makuli nani alikuwa akiiendesha kabla yangu. "Ameacha," wakasema. "Kwa nini?" "Ameacha tu." Mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, aliniambia nisikae juu ya kiti kile kabla ya kupiga bismillahi, kwa sababu mashine ile haikuwa peke yake. Wenziwe walitikisa vichwa kukubali, hakuna aliyecheka. Nami nilipiga bismillahi, kama ninavyofanya kwa kila jambo, na sikulifikiria zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa kutoa mizigo ndani ya makontena na kuipeleka ghalani: magunia ya mchele, vigae, marobota ya mitumba. Mzigo ukiwa juu ya uma za mashine huoni mbele, kwa hivyo unarudi nyuma. Siku nzima unarudi nyuma, mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia umeshika mgongo wa kiti, na kiwiliwili kizima kimegeukia kulia ili uone unakokwenda. Ardhi ya yadi ilikuwa ya zege iliyopasuka, na malori yalikuwa yameididimiza. Kila ufa uligonga. Halikuwa pigo kubwa la kumfanya mtu apige kelele. Ulikuwa mtikiso, na juu ya mtikiso ule palikuwa na mngurumo wa injini uliopanda kupitia bati la kiti, ukaingia kwenye makalio na kupanda kwenye uti wa mgongo mpaka kwenye meno. Nilizoea. Baada ya muda nikawa siusikii tena nikiwa kazini.

Niliusikia nikiwa mahali pengine. Mara ya kwanza ilikuwa msikitini, sala ya alasiri. Nilikuwa nimesujudu, paji la uso juu ya mkeka, nikahisi sakafu inatetemeka. Ulikuwa mtetemeko mdogo, wa haraka, kama lori kubwa linapita nje na haliishi kupita. Nilisubiri imamu akatishe sala. Aliendelea. Tulipotoa salamu nilimgeukia jirani yangu.

"Umeusikia mtetemeko?"

"Mtetemeko gani?"

"Wa ardhi. Tulipokuwa kwenye sijda."

Aliniangalia kwa upole, kama mtu anavyomwangalia aliyefiwa. "Hapana ndugu yangu. Ardhi imetulia."

Nilibaki nimekaa baada ya watu kutoka. Niliweka kiganja juu ya sakafu, nikauhisi tena. Nikakiweka juu ya paja langu. Ulikuwa pale pale. Ardhi ilikuwa imetulia kweli, ni mimi niliyekuwa nikitetemeka, na mikono yangu ukiitazama ilikuwa imetulia tuli.

Tangu hapo ulinifuata kila mahali. Nilikuwa nikikaa barazani na kikombe cha kahawa, nakiangalia, kahawa haina hata wimbi, nami ndani nanguruma. Mke wangu akiweka kichwa chake kifuani mwangu nilikuwa nikimuuliza kama anasikia kitu. Alisema anasikia moyo. Nilitaka aseme anasikia injini, nisiwe peke yangu.

Kisha yakaja maumivu. Yalianza chini ya kiuno, upande wa kulia, yakateremka kwenye paja kama maji ya moto, yakafika kwenye unyayo, na unyayo ukafa ganzi. Nikashindwa kurukuu. Nikirukuu sikuweza kuinuka bila ya kushika ukuta. Mwishowe nilianza kuswali juu ya kiti, nyuma kabisa, pamoja na wazee. Mimi ambaye nilikuwa bado nina watoto wadogo shuleni.

Sikukuu ya Idi nilivaa kanzu yangu ileile ya kila mwaka na upindo ukaburura chini. Mke wangu alisema labda imelegea kwa kufuliwa. Tuliipima kwa kanzu nyengine. Ikaburura pia. Alipiga magoti, akaipinda kwa sindano na uzi hapo hapo mwilini mwangu, kwa sababu nilikuwa nachelewa sala. Nilikuwa nikimtazama utosini, nikahisi hofu ambayo sikuwa na jina lake. Nani aliyekuwa akinipunguza?

Watu wetu wana namna zao za kujibu swali kama hilo. Shangazi yangu alisema ni kitu cha kijini, na kitu kina watu wake wa kukitibu. Tulimwendea ustadhi akaniandikia kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi nami nikanywa. Nilifarijika, sitasema uongo. Maneno ya Mungu hufariji. Mama mmoja hodari wa kukanda alinikanda kwa mafuta ya nazi na karafuu, nami nikalala vizuri. Nilimeza dawa za maumivu za kila rangi. Na kila asubuhi nilirudi Changamwe, nikapanda, nikapiga bismillahi, nikakaa ndani ya lile shimo.

Hivi ndivyo nilivyokuwa wakati mke wangu aliporudi na kikapu kitupu. Yule mtu wa sokoni alikuwa amemweleza anakokaa, Utange, nyumba ya kupanga nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, na akamwambia, "Mwambie mumeo aje. Asichelewe."

Sikutaka kwenda. Nilimwambia mke wangu sina haja ya kuonana na mtu nisiyemjua. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwona akitembea. Lakini yeye hakuniacha. Wiki nzima, kila nilipolalamika maumivu, alijibu kwa neno moja, "Utange." Jumapili iliyofuata tulikwenda pamoja.

Tulimkuta nje ya mlango wake, amesimama, ameegemea nguzo ya veranda kwa bega la kulia. Alikuwa mtu wa Kaloleni, amenizidi umri kidogo tu ijapokuwa mvi zilimzeesha. Aliagiza watoto watuletee viti, sisi tukakaa. Yeye hakukaa.

"Nisameheni," akasema. "Kukaa siwezi. Nikikaa inaanza."

"Nini inaanza?" mke wangu akauliza.

Hakumjibu yeye, alinitazama mimi. "Unaisikia ukiwa wapi?"

Nikamwambia nilianza kuisikia msikitini. Aliinamisha kichwa.

"Mimi kanisani. Kwenye benchi. Nilimwambia mama watoto, mbona benchi latetemeka, akadhani ni mimi natikisa mguu." Aliteremsha mkono wake taratibu, akanionyesha kwa kiganja jinsi inavyotetemeka. "Nimeacha kazi miaka sasa. Bado ipo. Sio kila siku, lakini ipo. Huwa inakuja nikiwa nimetulia."

Aliniomba nisimame na nitembee mpaka kwenye kinu na kurudi. Sikuona haya, sijui kwa nini. Nilitembea. Niliporudi nilimkuta ameziba mdomo kwa kiganja.

"Ni sisi," akasema.

Ndipo na yeye akatembea, na mimi nikamwona. Sijui nieleze vipi. Umewahi kujiona kwenye kioo cha dirisha la duka ukiwa hukutazamia, ukadhani ni mtu mwengine, kisha ukajitambua? Kwangu ilikuwa kinyume chake. Nilijitambua kwanza, kisha nikaona ni mtu mwengine. Mke wangu aliushika mkono wangu akaubana.

Tulizungumza mpaka jua likapinda. Yeye ndiye aliyeshonea gunia juu ya kile kiti. Alisema alipoingia kazini tayari sponji ilikuwa imezama upande mmoja.

"Aliyekuwapo kabla yangu alikuwa mzee wa kwenu huko," akasema. "Jomvu Kuu. Mfupi, mweupe, ana kovu kidevuni. Ijumaa alikuwa akija na asumini mfukoni, yadi nzima inanukia. Sijui kama yuko hai."

Nilikuwa nikimjua. Sote tulimjua.

Nilipokuwa kijana, mzee yule alipita mbele ya nyumba yetu kila siku akienda msikitini, amepinda, bega moja chini, na uso umegeukia kulia kama mtu anayeitwa na aliye nyuma yake. Ilisemekana alikata mkoko mahali pasipofaa, kule horini, na jini mwenye mahali pale akampiga. Watu wazima walilisema jambo hilo kwa sauti ya chini, nasi tulilikubali. Nilikuwa nikimwamkia, "Shikamoo babu," naye huitika, "Marahaba mwanangu," bila ya kunigeukia, kwa sababu upande wangu hakuweza kugeuka. Nilijua aliwahi kufanya kazi Changamwe. Kila mtu aliwahi kufanya kazi Changamwe. Sikuuliza kazi gani.

Alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliosaidia kumwosha. Nakumbuka tulimlaza chali juu ya kitanda cha kuoshea na bega la kushoto halikugusa ubao. Mwoshaji alilisukuma kwa heshima, likarudi. Alilisukuma tena. Kisha akasema, "Mwacheni alivyo," tukamwosha alivyo. Kaburini, alipolazwa kwa ubavu wa kulia kuelekea Kibla, ndipo mwili wake ulipotulia, na mmoja wetu akasema alhamdulillahi, amepumzika. Wakati huo mimi nilikuwa tayari nimeajiriwa yadini. Nilikuwa nimekwisha kulikalia shimo lake, nikamwosha kwa mikono yangu, na sikujua.

Nilimsimulia yule wa Utange. Alisikiza mpaka mwisho, akauliza kama mzee aliwahi kusema chochote juu ya mashine. Nikamwambia hakusema. Naye akasema, "Hata mimi sikusema. Ningemwambia nani? Waliniambia ni jini, nami nikaona afadhali jini."

Tulipokuwa tunaondoka alinishika bega. "Nenda upigwe picha ya mgongo. Mimi nilikwenda nimechelewa."

Nilikwenda. Hospitali walinipiga eksirei, kisha wakanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, aliyenifanya nilale, nisimame, niinue mguu mmoja, niinue mwengine. Hakuniuliza kwanza maumivu yalipo. Aliniuliza nakalia nini kutwa.

Nilimweleza. Alikunja ngumi zake mbili akaziweka moja juu ya nyengine, na katikati akabana kipande cha pamba.

"Hizi ni pingili za uti wa mgongo," akasema. "Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini, kama mto mdogo wenye majimaji ndani. Mtu akikaa, mto hubanwa. Akikaa huku anatikiswa, unabanwa na kuachiliwa, unabanwa na kuachiliwa, kutwa nzima. Misuli ya mgongo inajaribu kuzuia ule mtikiso, inachoka, mwishowe inaacha kazi, na mzigo wote unabaki kwenye mifupa. Na wewe juu ya hayo unakaa umejipinda. Mto unakauka, unakuwa mwembamba, unapasuka pembeni. Kinachotokeza pale kinagusa mshipa wa fahamu. Ndiyo sababu ya mguu wako."

Alizisogeza ngumi zake mpaka pamba ikawa karibu haionekani.

"Kwa hivyo hata kimo hupungua kidogo," akaongeza.

Mke wangu alikuwa amekaa kando yangu. Sikumwangalia, lakini nilisikia pumzi yake.

Nilimuuliza juu ya mtetemeko unaobaki mashine ikiwa imezimwa. Alisema watu wengi wanaotikiswa muda mrefu humweleza jambo kama hilo, na kwamba mwili uliozoeshwa kitu huendelea kukingojea. Alisema huenda ukaisha nikiiacha mashine. Hakuniahidi. Kuhusu mgongo alisema wazi: kilichokauka hakirudi kuwa kibichi. Mazoezi yangenipunguzia maumivu na kuzuia yasizidi, basi.

Tulirudi nyumbani. Ningefikiri kwamba kuambiwa hivyo kungeondoa hofu, kwa vile sasa kulikuwa na sababu inayoonekana kwenye picha, yenye jina. Hofu haikuondoka. Jini ukimjua unamsomea. Hiki hakikuwa na nia yoyote juu yangu. Hakikunijua. Kilikuwa kiti.

Nilimwendea supavaiza wa yadi nikiwa na picha yangu. Hakuwa mtu mbaya. Aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha, akaiangalia kwa muda, akanirudishia.

"Mgongo unatuuma sote," akasema. "Hata mimi. Ni umri."

"Kiti kimekwisha, bwana mkubwa. Na sakafu imepasuka."

"Nitawaambia wakubwa. Wewe chukua likizo kidogo, mashine nitampa mtu mwengine."

Mtu mwengine. Nilisimama mlangoni mwa ofisi ile nikiwa na bahasha ya picha mkononi, nikamwona tayari huyo mtu, sijui sura yake, namwona kwa nyuma tu. Nikatoka nikampigia simu yule wa Utange.

Alikuja siku ya pili yake. Safari ilimtesa, alisimama njia nzima. Nilimpokea langoni na tukaingia pamoja, kwa sababu nilikuwa nimemwomba aje kuniunga mkono mbele ya supavaiza. Hatukuwa tumepanga zaidi ya hapo. Lakini kutoka langoni mpaka ofisini ni lazima ulikate uwanja wote wa yadi, na ilikuwa asubuhi, makuli wote wako nje kwenye makontena.

Tulitembea bega kwa bega. Waliosita kwanza ni wale waliokuwa karibu. Kisha ukimya ukasambaa, mmoja akimgusa mwenzake. Nilisikia gurudumu la mkokoteni likisimama. Walituona kwa mbele, wakageuka wakatuona kwa nyuma, mrefu na mfupi, mgeni na wa siku zote, mabega mawili ya kushoto yameshuka kwa kipimo kimoja, nyuso mbili zimegeukia kulia, miguu miwili inaburura. Yule mtu mzima mwenye ndevu nyeupe aliyenipa nasaha siku ya kwanza alikuwa amekaa juu ya gunia. Alisimama, akasema kwa sauti ya chini, "Subhanallah. Na yule mzee wa asumini alikuwa hivi hivi."

Supavaiza alitoka kwa sababu ya ukimya. Alimkumbuka mwenzangu, akaanza kumsalimu, akaishia katikati. Alitutazama mmoja kisha mwengine.

"Nani amewafundisha kutembea hivyo?" akauliza. Nafikiri alikusudia utani.

"Kiti kile," mwenzangu akasema, akanyoosha kidole kwenye mashine.

Supavaiza alikwenda mpaka kwenye foklifti. Aliliangalia gunia na shimo lake. Kisha akapanda, mwenyewe, na suruali yake safi, akaiwasha, akainua mzigo wa vigae, akarudi nao nyuma mpaka mlango wa ghala na kurudi tena. Yadi nzima ilimtazama. Alipogeuza kichwa kulia na bega lake la kushoto likashuka, niliona makuli kadhaa wakiangalia pembeni. Alishuka, akabaki ameshika bati la mashine kwa muda, kama anayesubiri kitu ndani yake kinyamaze.

Hakusema kwamba tulikuwa na haki. Ila baada ya siku ile hakupatikana mtu wa kupanda. Watu wa Kisauni, wa Likoni, wa bara, wote walikataa. Wengi wao walikataa kwa sababu ya jini, na hadithi ilikuwa imekua, sasa walisema jini lile huvaa migongo ya watu. Niliwaeleza nilivyoelezwa hospitali, nikawaonyesha kwa ngumi zangu na kipande cha kitambaa. Walisikiza kwa adabu, kisha wakarudi kwenye jini lao. Nami nikaacha kubishana, kwa sababu mashine ilisimama siku baada ya siku, mizigo ikarundikana, na mwishowe likaja lori limebeba kiti kipya chenye springi chini yake. Baadaye wakaja mafundi wakaziba nyufa za zege. Na ukawekwa utaratibu wa madereva kupokezana, mtu asikae kutwa. Kiti cha zamani kilitupwa nyuma ya ghala. Sijui kilipelekwa wapi kutoka hapo, na kuna wakati ninatamani ningejua kwa yakini kwamba kimechomwa.

Mwenzangu wa Utange hajambo, kwa kadiri yake. Huzungumza nami kwa simu, naye akiwa amesimama. Mtetemeko wake haujamwacha. Wangu umepungua. Sasa huja kwa nadra, na kabla haujaja kunakuwa na utulivu fulani mwilini ambao nimejifunza kuuogopa zaidi kuliko mtetemeko wenyewe. Nafanya mazoezi niliyofundishwa, mke wangu akisimamia kama mwalimu wa madrasa. Bado naswali juu ya kiti.

Sikurudi kwenye mashine. Walinipa kazi ya langoni, kazi ya kusimama na kutembea kidogo, inayonifaa. Nafungulia malori, nawaamkia watu wanaoingia. Jioni, kazi inapokwisha, wanapita mbele yangu wote kwa pamoja wakirudi makwao, wanazungumza, wanacheka, wengine wamebeba mashati mabegani. Nawasubiri wapite. Kisha nawatazama kwa nyuma.

Sikuwa nikijua kwamba nafanya hivyo kwa muda mrefu namna ile kila siku. Majuzi mmoja wa madereva wapya wa foklifti, mtu mwenye familia yake kule Bombolulu, mpole, alinitolea salamu akiwa amekwisha kunipita, nami sikuitika. Akarudi.

"Mzee, nimekuudhi?"

"La, hujaniudhi," nikamwambia. "Hebu endelea kutembea."

Aliona ajabu lakini aliniheshimu. Akatembea kuelekea barabarani, polepole, akijua anatazamwa. Nililitazama bega lake la kushoto. Nilidhani limeshuka, kisha nikadhani ni mfuko aliobeba. Aliuhamishia mfuko mkono mwengine, akaingia kwenye umati wa watu wa jioni, na sikuweza tena kumtofautisha.